Mua Uleule, Mwezi Tofauti: Jinsi ya Kulinganisha Aina za Miwa kwa Majira ya Kupanda na Kuvuna

Utangulizi

Miongoni mwa malalamiko yanayoifikia ofisi yetu kutoka maeneo yanayolima miwa, lipo moja linalojirudia karibu kila msimu. Mkulima huambiwa kwamba kuna aina mpya ya miwa yenye tani nyingi. Hununua mbegu kwa bei ya juu, hulima, hupalilia na kungoja zaidi ya mwaka mmoja. Siku ya mavuno tani zinaonekana kweli, tena kuzidi za jirani yake. Lakini malipo yanapotoka, jirani mwenye tani chache amepata fedha nyingi zaidi. Hapo mkulima huishuku mizani, huishuku maabara ya kiwanda, na mara nyingine huwashuku hata viongozi wa chama chake cha ushirika.

Shuku hizo hazikosi msingi kila mara, na katika sehemu ya saba tutaeleza haki zako na namna ya kuzidai. Hata hivyo, mara nyingi jibu limo katika kalenda. Aina iliyo bora ikivunwa Septemba yaweza kuwa dhaifu ikivunwa Juni, na iliyo bora kwa mkulima mwenye maji ya kumwagilia yaweza kumwingiza hasara anayetegemea mvua. Anayenunua mbegu bila kuuliza zitapandwa mwezi gani na kuvunwa mwezi gani amenunua nusu tu ya taarifa anayoihitaji.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mkulima mdogo anayeuza miwa kiwandani, mnunuzi wa mbegu, na pia mlaji wa kawaida anayenunua mua wa kutafuna, juisi ya barabarani au kilo ya sukari dukani. Wote watatu wanaguswa na jambo moja: sukari ya mua huja na kuondoka kwa majira.

1. Jina la aina linakuambia nini

Aina nyingi za miwa huitwa kwa herufi na namba. Herufi hueleza asili. Katika NCo 376, aina iliyotawala mashamba mengi ya Tanzania kwa miaka mingi, herufi Co ni za Coimbatore, mji wa kusini mwa India wenye kituo cha kuzalisha miwa kilichoanzishwa mwaka 1912. Herufi N ni ya Natal, Afrika Kusini. Uzazi wa aina hiyo ulitokana na miwa ya Coimbatore, na uteuzi ukafanyika Natal. Hali kadhalika, N25 na N41 zimetoka Afrika Kusini. R570 na R579 zimetoka kisiwa cha Réunion. CO 617 na CO 421 zimetoka India. M ni ya Mauritius, na B ni ya Barbados. Zinazoanza na KEN au EAK ni za Kenya.

Namba hutambulisha mche ulioteuliwa. Si alama ya ubora, wala namba kubwa haimaanishi mua mtamu zaidi. Tumewahi kukutana na wauzaji wanaomwambia mnunuzi kwamba aina yenye namba kubwa “ni toleo jipya”, kana kwamba ni simu. Usikubali maelezo ya namna hiyo.

Jina pekee haliwezi kukueleza mambo manne yaliyo muhimu: aina hiyo hukomaa mapema, wastani au kwa kuchelewa, huvumilia magonjwa gani, huchipua upya vizuri kiasi gani baada ya kukatwa, na hutunza utamu wake kwa muda gani ikiwa shambani. NCo 376, kwa mfano, inasifiwa kwa kutoa machipukizi mengi na kuvumilia mazingira magumu, lakini inajulikana pia kuwa hushambuliwa kwa urahisi na ugonjwa wa fugwe. Aina isiyo na kasoro hakuna. Zipo zinazofaa mahali na majira fulani.

2. Mua unavyojaza sukari

Mua hupitia hatua nne. Kwanza macho ya pingili huchipua. Pili, shina la kwanza huzaa machipukizi kando yake. Tatu, mabua hurefuka kwa kasi, na hapo mmea huhitaji maji na mbolea kwa wingi. Nne, mua hukomaa.

Katika hatua ya tatu sukari inayotengenezwa na majani hutumika zaidi kujenga mwili wa mmea. Ukuaji unapopungua, ndipo sukari huanza kuhifadhiwa ndani ya bua, ikianzia pingili za chini na kupanda juu. Ndiyo sababu mua mchanga huwa mtamu shinani na maji matupu kileleni.

Mambo mawili makubwa hupunguza ukuaji na kuongeza sukari: ubaridi, hasa wa usiku, na ukavu wa udongo. Katika bonde la Kilombero na eneo la Mtibwa mkoani Morogoro, mvua hunyesha kati ya Novemba na Mei, kisha hufuata miezi mikavu. Juni na Julai usiku huwa wa baridi. Utamu wa miwa hupanda kuanzia Juni, na kwa kawaida hufika kilele kati ya Agosti na Oktoba. Mvua za kwanza zikianguka mua huamka tena: hutoa majani mapya, huvuta maji, na sehemu ya sukari iliyohifadhiwa hutumika kuukuza. Kwa hiyo mua uliopimwa Oktoba na kuonekana mtamu sana waweza kupimwa Desemba ukawa umeshuka, ilhali haukuguswa na mtu.

Penye umwagiliaji, kama katika mashamba ya Arusha Chini karibu na Moshi, mkulima huweza kuusaidia mua kukomaa kwa kusimamisha maji wiki kadhaa kabla ya kuvuna. Anayetegemea mvua hana uwezo huo. Ndiyo sababu kwake uchaguzi wa aina na wa mwezi huwa na uzito mkubwa zaidi.

Jambo jingine ni kuchanua. Baadhi ya aina huchanua kwa urahisi, nyingine kwa nadra. Mua ukishatoa ua, bua lake haliongezeki tena urefu. Ukivunwa baada ya muda mfupi hauna tatizo, hata waweza kuwa na utamu mzuri. Ukiachwa kwa miezi, ndani yake hugeuka kama sifongo na uzito hushuka. Aina inayochanua sana isipangiwe mwisho wa msimu.

3. Mwezi wa kupanda huzaa mwezi wa kuvuna

Katika maeneo ya joto ya Tanzania, mua uliopandwa kwa mara ya kwanza hukomaa kwa takribani miezi 12 hadi 14, na maotea, yaani mua unaochipua upya baada ya kukatwa, kwa takribani miezi 10 hadi 12. Tuitazame kalenda.

Anayepanda Juni au Julai, akiwa na unyevu wa kutosha ardhini au maji ya kumwagilia, mua wake utatimiza mwaka Juni au Julai inayofuata, kiangazi kikiwa kimeanza. Ana nafasi ya kungoja mwezi mmoja au miwili utamu upande, huku barabara zikiwa kavu.

Anayepanda Novemba au Desemba kwa kufuata mvua hupata uchipuaji mzuri na gharama ndogo ya maji. Lakini mua wake hutimiza mwaka Novemba au Desemba, mvua zikiwa zimerudi. Hapo ana njia tatu, na kila moja ina gharama yake: kuvuna Septemba au Oktoba mua ukiwa na miezi kumi hivi, kuvuna kwa wakati, akikabiliana na utamu unaoshuka na matope shambani, au kuuacha hadi msimu unaofuata, ukiwa na miezi 18 au zaidi, na shamba lake lisimwingizie chochote kwa muda wote huo. Kwa mkulima wa namna hii, aina inayokomaa mapema ina faida halisi, kwa maana yaweza kuwa tayari Oktoba wakati aina ya kuchelewa bado ni changa.

Kuna kanuni ambayo wakulima wengi huitambua baada ya kuumia: tarehe ya kuvuna ndiyo tarehe ya kupanda ya maotea. Ukikata mua Novemba, maotea yake yatatimiza mwaka Novemba nyingine, na kosa la mwaka wa kwanza litakufuata kwa misimu minne au mitano, hadi utakapong’oa na kupanda upya. Ikiwa shamba lako limeingia katika mzunguko mbaya, lirudishe nyuma kidogo kidogo: ombi lako la kuvuna liwe mapema kwa mwezi mmoja kila mwaka, kwa kuwa maotea huwahi kukomaa kuliko mua wa kwanza.

4. Hesabu ya mfano

Namba zifuatazo ni za kufundishia tu. Si bei za kiwanda chochote, wala si matokeo ya aina yoyote yenye jina.

Tuchukue ekari moja ya aina A, inayokomaa mapema, na ekari moja ya aina B, inayokomaa kwa kuchelewa. Zote zivunwe zikiwa na miezi 12. Kiwanda cha mfano wetu hulipa kwa uzito na utamu: kila tani hulipwa shilingi 10,000 kwa kila asilimia moja ya utamu, hivyo tani ya utamu wa 10 ni shilingi 100,000. Kukata, kupakia na kusafirisha hugharimu shilingi 25,000 kwa tani.

Mavuno ya Juni:
A: tani 30, utamu 10.5. Mapato 3,150,000; gharama 750,000; salio 2,400,000.
B: tani 34, utamu 8.5. Mapato 2,890,000, gharama 850,000, salio 2,040,000.

Mavuno ya Septemba:
A: tani 32, utamu 11.5. Mapato 3,680,000, gharama 800,000, salio 2,880,000.
B: tani 38, utamu 11.5. Mapato 4,370,000, gharama 950,000, salio 3,420,000.

Mavuno ya Desemba, mvua ikiwa imeanza:
A: tani 31, utamu 9. Mapato 2,790,000; gharama 775,000; salio 2,015,000.
B: tani 39, utamu 10. Mapato 3,900,000, gharama 975,000, salio 2,925,000.

Soma kwanza mstari wa Juni. Mwenye B ana tani nne zaidi, naye amebaki na pungufu ya shilingi 360,000. Huyu ndiye mlalamikaji tuliyemtaja mwanzoni. Hakuibiwa, alipeleka kiwandani maji mengi, akalipa nauli ya maji hayo. Soma kisha Septemba: mambo yamegeuka, na B imezidi kwa shilingi 540,000. Tazama sasa B peke yake kutoka Septemba hadi Desemba. Imeongeza tani moja, lakini salio limeshuka kwa shilingi 495,000. Anayepima maendeleo kwa tani pekee angedhani amefaidika kwa kungoja.

Sasa tuongeze swali la umri. Tuseme kwamba ili B ifikie matokeo yale ya Septemba, ilihitaji miezi 15 badala ya 12. Gawanya salio kwa miezi: B hutoa shilingi 228,000 kwa mwezi, na A ya Septemba hutoa shilingi 240,000 kwa mwezi. Aina iliyoonekana kushindwa imeshinda, kwa kuwa imelikalia shamba muda mfupi. Kwa hiyo, kila unapoonyeshwa ulinganisho wa aina mbili, uliza maswali matatu: zilivunwa mwezi gani, zikiwa na umri gani, na je, ni mua wa kwanza au ni maotea?

Msomaji aweza kusema: basi sote tuvune Septemba. Haiwezekani. Kiwanda kina uwezo wa kusaga tani kadhaa kwa siku na si zaidi, na ratiba lazima itandazwe kwa miezi mingi. Wapo watakaovuna mwanzo wa msimu na wapo watakaovuna mwisho. Ndiyo maana eneo zima halifai kupanda aina moja tu. Mwenye zamu ya Juni anahitaji aina ya mapema. Mwenye zamu ya mwishoni anahitaji aina inayoshikilia utamu wake mvua zinapoanza. Kabla ya kuchagua mbegu, ulizia kwanza chamani kwako zamu ya kuvuna ya eneo lako.

5. Usiazime kalenda ya jirani

Ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya hulima mua katika nyanda zilizoinuka zaidi, zenye hali ya hewa ya ubaridi kuliko Kilombero. Huko aina za zamani kama CO 421 na CO 617, zikipandwa kwa mara ya kwanza, huhitaji takribani miezi 18 hadi 24. Watafiti wa Kenya wamezalisha aina za kukomaa mapema zaidi, zikiwemo KEN 83-737 na EAK 73-335, kwa lengo la kupunguza kungoja huko. Anayesikia kwamba aina fulani “ni ya miezi 18” huko Mumias asidhani itahitaji miezi hiyohiyo Kilosa au Misenyi.

Kenya hutupa pia funzo kuhusu madhara ya kuvuna kabla ya wakati. Miwa ilipoadimika, viwanda viligombea hata miwa michanga, na Julai 2023 mamlaka ya nchi hiyo ilisimamisha usagaji kwa miezi kadhaa ili miwa ipate kukomaa. Mkulima aliyeuza mua mchanga alipata fedha ya haraka lakini pungufu. Kiwanda kilisaga miwa mingi kwa sukari kidogo, na mlaji akalipa bei ya juu dukani. Mua uliokatwa mapema haukumnufaisha yeyote kati ya watatu hao kwa muda mrefu.

6. Unaponunua mbegu

Mbegu ya mua ni kipande cha bua chenye macho mawili au matatu. Kwa kuwa ni sehemu ya mmea wenyewe, hubeba magonjwa ya mama yake. Mawili yafaa kujulikana na kila mnunuzi.

Fugwe huonekana: kileleni hutokea kijiti cheusi kirefu kilichopinda kama mjeledi, chenye unga mweusi unaopeperushwa na upepo. Usinunue mbegu kutoka shamba lenye dalili hiyo, hata kama shina unalouziwa linaonekana safi.

Udumavu wa maotea hauonekani kwa urahisi. Mua huonekana mzima, ila kila maotea huwa mafupi na membamba kuliko yaliyotangulia, na mkulima hulaumu udongo. Ugonjwa huu huenezwa na mbegu na mapanga ya kukatia. Njia inayojulikana ya kuudhibiti ni kuloweka pingili katika maji ya moto ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa mbili. Kazi hiyo huhitaji mtambo maalumu, usiijaribu kwa pipa nyumbani: joto likizidi macho hufa, likipungua ugonjwa hubaki.

Kabla ya kutoa fedha, tunakushauri ufanye yafuatayo:

(a) Nenda shambani zinakotoka mbegu. Usinunue pingili zilizokwisha kukatwa na kurundikwa bila kuona mama yake.
(b) Uliza umri wa mua wa mbegu. Ulio bora ni wa miezi 8 hadi 10. Mua mzee uliokomaa sana huchipua kwa shida.
(c) Uliza kama ni shamba la mbegu lililokaguliwa. Nchini Tanzania, utafiti wa miwa uko chini ya TARI Kibaha, na uthibitishaji wa ubora wa mbegu ni kazi ya TOSCI. Afisa ugani wako aweza kukusaidia kuhakiki.
(d) Dai stakabadhi inayotaja jina la aina, kiasi, tarehe na jina la muuzaji. Stakabadhi iliyoandikwa “mbegu ya miwa” tu haitakusaidia mbegu zikigeuka kuwa aina nyingine.
(e) Panda aina mpya katika sehemu ndogo kwanza, kando ya ile unayoijua, siku moja na kwa mbolea ileile. Ulinganisho wa aina mbili zilizopandwa miezi tofauti hauna maana.

7. Siku ya kuvuna, mizani na malipo

Zipo njia rahisi za kupima ukomavu. Kata bua, kisha onja pingili za chini na za juu, ukiacha kilele kabisa. Utamu ukikaribiana, mua umekomaa. Kifaa kiitwacho rifraktomita hufanya kazi hiyo kwa usahihi zaidi: kipimo cha juu kikikaribia kulingana na cha chini, wakati umefika. Elewa, hata hivyo, kwamba kifaa hicho hupima vitu vyote vilivyoyeyuka katika maji ya mua, si sukari peke yake. Namba yake itakuwa kubwa kuliko utamu utakaoandikwa na maabara ya kiwanda, na tofauti hiyo pekee si ushahidi wa udanganyifu.

Mua ukishakatwa huanza kupoteza sukari, na ule uliochomwa moto kabla ya kukatwa hupoteza kwa haraka zaidi. Lengo liwe kuufikisha kiwandani ndani ya saa 24 hadi 48. Usikubali shamba lako lichomwe kabla ya kuhakikishiwa wakataji na gari la siku hiyo au ya pili yake. Ikiwa shamba limechomwa na gari halikuja, andika tarehe na saa, umjulishe kiongozi wa chama siku hiyohiyo mbele ya shahidi. Malalamiko ya wiki mbili baadaye ni magumu kuthibitisha.

Kuhusu mizani, una haki ya kuona kwamba imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na ina alama ya uhakiki ambayo muda wake haujapita. Gari hupimwa likiwa na mzigo, kisha likiwa tupu, na tofauti ndiyo uzito wako. Karatasi ya malipo ioneshe uzito, kiwango cha utamu, bei iliyotumika na kila makato kwa jina lake. Kato lililoandikwa “mengineyo” liulizwe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari lako andika, kwa kila kipande cha shamba: jina la aina, tarehe ya kupanda au ya kukatwa mara ya mwisho, tarehe ya kuvuna, tani, utamu na fedha iliyobaki. Baada ya misimu mitatu daftari hilo litakueleza kuhusu shamba lako mambo ambayo hakuna muuzaji wa mbegu awezaye kukueleza.

8. Kwa mlaji asiye na shamba

Mua wa kutafuna si sawa na mua wa kiwandani. Wa kutafuna huwa mnene, laini na wenye maji mengi. Wa kiwandani huwa mgumu, wenye nyuzi nyingi zinazousaidia kusimama na kuvumilia wadudu. Kiangazi ndicho wakati wa mua mtamu. Masika yakikolea, tarajia mua wenye maji mengi na ladha hafifu. Mua mzuri ni mzito kwa ukubwa wake, na kata yake ni nyeupe au ya manjano hafifu. Ukiona wekundu ndani, matundu ya wadudu au ukisikia harufu ya uchachu, uache. Kwa juisi, taka mua umenywe na ukamuliwe mbele yako, na uangalie usafi wa mashine na maji. Juisi ya mua huchacha haraka, na ndimu na tangawizi haziizuii kuharibika.

Kuhusu sukari ya dukani, elewa kwamba viwanda vyetu husimama wakati wa masika, na sukari ya miezi hiyo ni ile iliyowekwa ghalani au kuagizwa kutoka nje. Mvua kubwa za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 zilizuia uvunaji, na mwanzoni mwa 2024 sukari ikaadimika na bei kupanda. Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi, na serikali ikaruhusu uagizaji. Ukikutana na hali kama hiyo, ulizia bei elekezi ya mkoa wako, dai risiti, hakikisha kilo ni kilo, wala usinunue kwa hofu zaidi ya mahitaji yako, maana kurundika huongeza uhaba.

Maswali ya kujipima

1. Muuzaji anasema aina yake ilitoa tani 45 kwa ekari. Ni maswali gani matatu utamuuliza kabla ya kuamini kuwa ni bora kuliko yako?
2. Maotea yako yamekatwa mwishoni mwa Novemba miaka mitatu mfululizo, na utamu umekuwa mdogo kila mara. Utaomba nini kwa msimu ujao, na kwa nini?
3. Rifraktomita yako imeonesha 18, na maabara ya kiwanda imeandika utamu wa 11. Je, umedhulumiwa?

Majibu kwa ufupi

1. Mwezi wa kuvuna, umri wa mua, na kama ni mua wa kwanza au maotea. Ukiweza, ongeza swali la utamu, kwa sababu tani bila utamu hazitoshi kukokotoa malipo.
2. Kuvuna mapema kwa mwezi mmoja, na kuendelea hivyo kila mwaka, ili maotea yakomae kabla ya mvua kurudi.
3. Si lazima. Vipimo hivyo viwili havipimi kitu kimoja. Ukiwa bado na shaka, omba kuonana na mwakilishi wa wakulima katika maabara na uangalie sampuli ya mzigo wako ujao ikichukuliwa.

Mwenye swali ambalo somo hili halikulijibu, au mwenye stakabadhi na karatasi za malipo asizozielewa, azilete katika ofisi yetu iliyo karibu naye pamoja na daftari lake. Huduma hiyo haina malipo.